Mavi ya Mbwa Mtaani: Pa Kuanzia kwa Korti na Ploti za Nairobi

Kila mvua ikianza napokea ujumbe ule ule, ila unatoka kwa watu tofauti. Tunaanzia wapi? Tukiita kanjo watakuja? Mifuko ya kuokotea mlinunua wapi? Jirani mwenye mbwa watatu tumfanye nini? Nimechoka kuandika majibu upya kila mara, basi haya hapa yote pamoja. Na nitasema mavi. Mkutanoni ukisema "taka za wanyama", nusu ya watu watafikiri unazungumzia ng'ombe wanaopitishwa barabarani wakati wa kiangazi.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi kabla hata hawajaanza. Ushauri mwingi ulio kwenye intaneti umeandikiwa miji ya Uingereza na Marekani, ambako mbwa akitoka nje huwa ameshikwa kamba na mwenyewe yuko nyuma yake. Huko unaweza kumwambia mtu aokote. Nairobi mbwa wengi hawatembezwi, hufunguliwa geti. Saa kumi na moja na nusu alfajiri soja anavuta komeo, mbwa anatoka peke yake, anazunguka korti (nyumba za mtaa zinazochangia njia moja), anajisaidia mbele ya geti la jirani na kurudi kabla chai haijachemka. Hakuna mtu nyuma yake wa kupewa mfuko. Ukianza kwa kubandika mabango ya "Okota kinyesi cha mbwa wako", utakuwa unamwandikia mbwa.

Kwa hiyo jua kwanza mnashughulika na mbwa gani:

Mbwa wa kamba hutembezwa, mara nyingi na kijana wa kazi wala si mwenye mbwa. Utawaona zaidi pande za Kileleshwa na Lavington, na siku hizi hata kwenye maghorofa ya mitaa mingine. Hapa karatasi na pipa vinatosha.

Mbwa wa geti ana kwao, ana jina, analishwa, lakini choo chake ni barabara. Mitaa mingi ya Eastlands shida ni huyu, na ndiye aliyenifanya niandike.

Mbwa koko hana mwenyewe, au ana wenyewe kumi wanaomtupia mifupa. Anafuata chakula, kwa hiyo dawa yake inaanzia kwenye taka.

Mahitaji

Tafuteni watu watatu wa kuanza, si zaidi, na mmoja wao awe mfugaji wa mbwa. Hili la mfugaji msilipuuze. Kamati ya watu wasiopenda mbwa inanuka chuki toka mbali, na wenye mbwa watafunga masikio.

Muwe na daftari, chaki za kutosha, na karatasi kubwa ya kuchorea mtaa wenu.

Glovu nzito za mpira, gambuti, beleshi dogo na ndoo yenye kifuniko. Ndoo hiyo isirudi tena kwenye kazi ya nyumbani. Ipakeni rangi nyekundu ili mtu asiichukue kufulia.

Karatasi za kuokotea: magazeti ya zamani na pakiti za unga. Pakiti ya unga ya kilo 2 ni karatasi ngumu, mkono unaingia, mdomo wake unakunjika vizuri, na kila nyumba inazo. Msitafute vile vifuko vya plastiki mnavyoviona kwenye video za ng'ambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Sijui utamweleza nini hakimu kuhusu ulichokuwa umebeba ndani.

Jivu la makaa au chokaa, debe moja.

Na muwe mmekubaliana pa kutupa. Hili limalizwe kabla, kwa sababu nimeona kundi limekusanya ndoo mbili zikajaa, kisha likasimama barabarani likiulizana "sasa?" Ndoo hizo zilikaa nyuma ya kioski kwa siku nne, na mama mboga wa pale hajatusamehe mpaka leo.

Hatua ya 1: Hesabuni kabla ya kusema

Kwa siku 7 mfululizo mtu mmoja apite njia ile ile mara mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kila rundo alizungushie duara la chaki na kuandika tarehe kando yake. Pale pasipo na lami wala kabro (matofali ya saruji ya kutandika), anyunyize jivu kulizunguka. Duara linafanya kazi mbili: hamtahesabu rundo moja mara mbili, na watoto wanaokimbilia basi la shule wanaliona wakalikwepa. Asitoe chochote wiki hiyo, isipokuwa kilicho mlangoni mwa mtu au njia ya kwenda msikitini. Anayekwenda swala ya alfajiri gizani akikanyaga najisi, itabidi arudi nyumbani kujitoharisha, na atakuwa na haki ya kuwakasirikia.

Jioni hamishieni alama kwenye ile ramani. Sisi tulikuwa tumewalaumu mbwa koko wa sokoni kwa muda wa miaka miwili. Ramani ilipojaa, nukta hazikuwa upande wa soko hata kidogo. Zilisongamana karibu na mageti matatu, na moja kati ya hayo lilikuwa langu. Popi wetu alikuwa akitolewa na kijana wangu wa shule ya upili anapokwenda kupanda matatu, mimi nikiwa bado kitandani. Niliikunja ramani nikakaa nayo siku mbili nzima kabla ya kuwaonyesha wenzangu.

Angalieni pia saa. Mkikuta marundo mapya asubuhi na machache sana jioni, hao ni mbwa wa geti. Yakitokea wakati wowote, tena karibu na jaa au buchari, huenda ni mbwa koko.

Hatua ya 2: Nendeni kwa miguu, wawili wawili

Usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Nitarudi huko. Nenda nyumbani kwa mwenye mbwa jioni ya Jumamosi, mkiwa wawili, mmoja wenu awe yule mfugaji. Jumapili asubuhi watu wako mbioni kwenda kanisani, na siku za kazi jioni kila mtu ametoka kwenye jamu na hana moyo wa kusikia habari za mavi.

Jueni jina la mbwa kabla ya kubisha. Mazungumzo yakianza na "Mama Shiro, habari ya jioni, tumekuja kukuomba jambo kuhusu Tiger", mtu analegea. Yakianza na "mbwa wako anatuchafulia mtaa", mmemaliza. Elezeni mlichokiona bila kumtaja: kati ya geti hili na duka kuna shida kila asubuhi, na tunapita kwa kila mwenye mbwa.

Jibu la kwanza karibu kila mara ni "Wangu hatoki." Msibishane, na msitoe picha. Semeni hivi: "Sawa Mama Shiro, basi tukimkuta nje tutajua amepotea, tutakurudishia." Kisha mfanye hivyo kweli. Tiger akirudishwa na jirani saa kumi na mbili kasoro, mara mbili katika wiki moja, mwenyewe atajifunza kumweka ndani haraka kuliko kwa barua yoyote. Kama ni mbwa mkali msimguse. Bisheni geti tu na kusema amepotea.

Zungumzeni pia na soja, lakini mkishapewa ruhusa na mwajiri wake. Soja mmoja aliniambia wazi: "Mimi naambiwa nimtoe asichafue kabro ya mzee." Mtu huyo anafuata amri ya anayemlipa. Mkimfokea mtakuwa mmempata asiye na uwezo wa kubadilisha kitu, na kesho atafungua geti mapema zaidi, kukiwa bado giza.

Hatua ya 3: Ombeni jambo moja tu

Msiende na orodha ya masharti kumi. Ombi liwe moja: geti lisifunguliwe mpaka mbwa amalize haja yake ndani.

Atauliza vipi, kwa hiyo muwe na jibu. Mbwa wengi hujisaidia muda mfupi baada ya kuamka na baada ya kula. Achague kona ya ua, mita moja kwa mita moja inatosha, amwage udongo au mchanga. Kama ua wote ni kabro, kreti pana yenye mchanga itafaa. Aweke hapo rundo moja la mbwa huyo huyo na kuliacha siku mbili tatu, kwa sababu mbwa hufuata harufu yake. Asubuhi amlishe, amfunge karibu na kona hiyo kwa nusu saa, kisha amfungue. Akijisaidia mahali panapofaa, apewe kipande cha chakula papo hapo. Siku za kwanza ataonekana kama anamkaidi bwana wake. Popi wetu alishikilia siku nzima na kututazama kama watu waliopoteza akili, halafu akazoea.

Jioni mwenye mbwa anaokota, anafunga kwenye pakiti ya unga, basi.

Hatua ya 4: Safisheni mara moja, pamoja

Wenye mbwa wakishaombwa, ndipo muitishe siku ya usafi. Mkisafisha kwanza mtakuwa mmegeuka wafanyakazi wao, na kazi hiyo haina likizo.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijakuwa kali. Rundo bichi lifunikwe kwa jivu kwanza, lisubiri dakika tano, kisha liondolewe na beleshi bila kusambaa. Lililokauka lisifagiliwe kwa ufagio mkavu, kwa sababu vumbi lake mtalivuta. Linyunyizieni maji kidogo, kisha mkwangue. Penye kabro malizieni kwa sabuni na burashi, maji kidogo tu.

Msiyapige mavi kwa mpira wa maji mpaka mtaroni. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mtaa, na linaonekana kama usafi kwa sababu barabara inang'aa. Mitaro yetu haiendi kwenye kiwanda cha kusafisha maji. Inaishia Mto Ngong, Mathare na Mto Nairobi, kisha Athi, na huko kuna watu wanaomwagilia sukuma wiki kwa maji hayo. Sukuma hiyo inarudi sokoni kwenu.

Watoto wasishiriki. Mavi ya mbwa yanaweza kuwa na mayai ya minyoo ambayo yakiwa mapya bado hayajakomaa. Huhitaji takriban wiki mbili hadi nne udongoni ndipo yaweze kumwambukiza mtu, na baada ya hapo yanaweza kudumu miaka. Ndiyo maana kuokota leo kunashinda kumwaga dawa mwezi ujao. Mayai hayo hayaogopi jiki. Kuna pia safura ya mbwa, ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu ulio wazi na kuacha mstari unaojikunja na kuwasha usiku kucha. Mtoto anayecheza kalongolongo mchangani bila viatu ndiye wa kwanza kuupata.

Hatua ya 5: Kutupa

Kama mna watu wa taka wanaopita kila wiki, ongeeni nao mapema, mfunge kila kitu kwenye karatasi mbili, na muwaambie ni nini. Wanaopanga taka kwa mikono wana haki ya kujua. Kama mna uwanja, chimbeni shimo la mita moja, mbali na kisima na mbali na bustani, na kila mnapomwaga mfunike kwa jivu na udongo. Choo cha shimo pia kinafaa. Msitie kwenye mbolea ya mboga hata mtu akiwaambia mavi ni mavi. Ya ng'ombe ni nyasi, ya mbwa ni nyama na minyoo.

Hatua ya 6: Vituo vya karatasi, kwa mbwa wa kamba

Hapa sitakaa sana. Chukueni jerikeni ya lita 20, muikate upande mmoja, muitoboe matundu chini, muifunge kwa waya kwenye nguzo, muijaze magazeti na pakiti za unga. Matundu yana sababu mbili: maji ya mvua yatoke, na jerikeni isiwe na faida kwa anayetaka kuiba ya kuchotea maji. Pipa la chuma msijaribu. Litakuwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kabla ya Ijumaa.

Hatua ya 7: Mbwa koko

Fuateni chakula. Mara nyingi ni buchari inayotupa mifupa nje, kibanda cha mutura, au jaa lisilozolewa. Muombeni mwenye buchari pipa lenye kifuniko. Mkikata chakula, mbwa hupungua bila vita.

Msitumie sumu. Nimeshasikia pendekezo hilo kwenye mikutano mitatu, na kila mara linatolewa na mtu mpole kabisa. Sumu haichagui. Inaua paka, mwewe, na Tiger wa Mama Shiro, na kipande cha nyama kilichotegwa kinaweza kuokotwa na mtoto. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura 360, inawahusu. Tena mbwa wakiuawa, wengine huhamia palepale, na hao wapya pengine hawajachanjwa kichaa cha mbwa. Kwa msaada wa kuwashika na kuwahasi, ulizeni KSPCA, shirika la kutunza wanyama lililoko Karen. Na mwezi wa Septemba mkae macho: tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni za chanjo huwa nyingi wakati huo. Pelekeni mbwa wote wa mtaa siku moja, na mkumbushane dawa ya minyoo, ambayo mbwa mkubwa hupewa kila miezi mitatu hivi.

Hatua ya 8: Serikali, ikibidi

Wengi hukimbilia mbunge. Si kazi yake. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Kwa hiyo barua yenu iende kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yenu, nakala kwa MCA (mwakilishi wa wadi yenu) na chifu. Tajeni Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, ambayo inakataza mtu kusababisha kero inayodhuru afya. Ambatanisheni ramani ya wiki ile, tarehe, na picha za marundo. Ukurasa mmoja. Kila nyumba itie sahihi, na anayepeleka adai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Barua bila mhuri haikuwahi kufika, hata kama mliikabidhi mkononi.

Kuhusu WhatsApp

Kundi ni zuri kwa kutangaza siku ya usafi na kuchanga pesa za glovu kwa M-Pesa. Si mahali pa kumwanika mtu. Picha ya jirani akiwa na kaptura ya kulalia, mbwa wake akiwa amechutama, itawachekesha watu kwa dakika kumi na kuwagawa kwa mwaka mzima. Isitoshe kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na picha za kamera ya geti si mchezo wa kusambaza ovyo.

Mji wa Brunete, karibu na Madrid huko Uhispania, mwaka 2013 uliwarudishia wenye mbwa mavi hayo nyumbani, ndani ya sanduku lililoandikwa kwamba ni mali iliyopotea. Watu hunitumia habari hiyo wakiuliza kwa nini tusiige. Hapa kwetu ukimwachia mtu kifurushi cha mavi getini, hatasema ameaibika. Atasema umemroga.

Mambo yakienda mrama

Wanaokota, kisha wanarusha pakiti mtaroni. Maana yake pipa la kutupia liko mbali. Lisogezeni. Mtu hatabeba mavi zaidi ya nyumba tano sita.

Kumekuwa safi mwezi mmoja, kisha yamerudi. Ulizeni ni nani amehamia au ni soja gani mpya. Karibu kila mara ni mojawapo. Rudieni hatua ya 2 kwa nyumba hiyo tu.

Mwenye mbwa amekataa katakata. Mwacheni wiki tatu. Endeleeni kuweka duara la chaki na tarehe karibu na geti lake, bila neno. Baba mmoja wa kwetu alitoka na ndoo mwenyewe baada ya wageni wa harusi ya bintiye kuuliza hizo tarehe zilikuwa za nini.

Mvua inafuta chaki. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, tumieni vijiti vyenye kitambaa chekundu. Msihesabu siku ya mvua kubwa, mtadhani mmeshinda.

Mwenye nyumba hataki kona ya mchanga kwenye ploti yake. Mpangaji pekee hatamweza. Aende na mjumbe wa Nyumba Kumi, na wamwonyeshe kreti badala ya kumweleza.

Hakuna anayejitokeza siku ya usafi. Tangazeni chai na mandazi, saa tatu, kwa fulani. Watakuja saa nne. Anzeni bila wao, mkiacha kazi ya kutosha upande wa barabara wanakoonekana.